Chupa Iliyokataa

Septemba ikiingia, bonde zima hunuka hoho zilizoungua.
Ukiteremka basi pale Sevlievo usiulize njia,
fuata pua.

Nimekuja na begi la nguo na mfuko wa vifuniko,
maana mama alinipigia simu mara tatu
kunikumbusha vifuniko,
na mara ya nne kuuliza kama nimekumbuka.

Magunia saba yameegemea mti wa jozi.
Hoho zimemwagwa kwenye turubai, nyekundu,
zinang'aa kama viatu vya watoto
siku ya kwanza ya shule.
Baba hadanganyiki na wekundu.
Anabonyeza kwa kidole gumba:
hii nono, hii nono, hii maji matupu,
na hizi za jirani Gancho
tumezipokea kwa kuoneana haya.

Moto uliwashwa kabla umande haujakauka.
Ngozi zinatutumka, zinapasuka, zinalia fyuu,
tunazitupa ndani ya ndoo, tunazifunika,
zitoke jasho.
Kisha kumenya.
Kumenya ndiko kunakokula siku.
Maganda yananata vidoleni, yananata kwenye vikombe vya kahawa,
jioni nitalikuta moja nyuma ya sikio.
Mikono ina kazi, midomo haina likizo:
shangazi Rumyana ametuozesha nusu ya kijiji,
akawaachanisha wawili,
na bado ndoo ya pili haijaisha.

Yoana, binti wa kaka yangu, ana miaka minane.
Kazi yake ni kuhesabu chupa.
Anahesabu, anakula hoho ya moto na mkate,
anasahau, anaanza upya.
Hakuna anayemharakisha.

Mchana sufuria kubwa inapanda jikoni.
Hoho, nyanya, karoti kidogo, mafuta ya alizeti.
Tunapokezana mwiko mrefu kama kasia,
atakayeacha kukoroga, chini kutashika,
na atatajwa mpaka Pasaka.
Hatutazami saa.
Mwiko ukipita uache njia,
na njia ikae wazi kidogo kabla haijazibika,
hapo imeiva.

Tulipofika kwenye chumvi pakawa na vita.
Mama hupima kwa kiganja.
Rumyana hupima kwa kikombe kilichokatika mkono,
urithi wa bibi, anasema,
kana kwamba bibi aliacha na hati.
Kiganja kikatia. Kikombe kikatia.
Sisi wengine tukachungulia dirishani,
tukasifu hali ya hewa.

Usiku chupa zimelala kichwa chini mezani,
zimefunikwa blanketi kama wagonjwa wa homa.
Asubuhi zikageuzwa, tukazigonga vifuniko
kwa kucha, moja baada ya moja.
Iliyofunga hujibu kwa sauti kavu, fupi.
Arubaini na saba zikajibu vyema.
Ya arubaini na nane ikatoa sauti ya debe bovu.

"Hii imekataa," mama akasema,
kwa huzuni ya mtu aliyekwisha kukata mkate.
"Haitaiona theluji. Basi tuile."

Jibini nyeupe ikatoka, na chai, na mabaki ya usingizi.
Tukala tumesimama, kila mtu na kipande chake,
wekundu ukitutiririka hadi kwenye viwiko,
Yoana akilamba kisu alichokatazwa.

Nilinyoosha mkono kuchukua kitambaa
kwenye mfuko wa aproni ya mama, palipotundikwa mlangoni.
Nikagusa kitu cha duara, baridi.
Kifuniko kipya. Kimoja. Nilivileta arubaini na nane.
Nikakitazama kile cha mezani:
kimeota kutu ukingoni, cha mwaka juzi.

Nikakirudisha. Nikafuta mdomo kwa mkono.

Baba alikuwa bado anatafuna, polepole,
macho kwenye dari, kama hakimu.
Akameza.
"Chumvi," akasema, "imepungua."